Muhuri wa Mtu Aliye Hai

Mzee Elkanah alivaa suti ili akathibitishe kwamba hajafa. Ilikuwa ile suti ya kijivu aliyokuja nayo kutoka Nyamira, akaapia uraia wa Amerika nayo pale Saint Paul, na binti yake Kerubo alishamwambia aiache, maana mabega iliyoshonewa hanayo tena. Juu ya suti akavaa koti la baridi la mkwe wake, likamfika magotini. Kwenye mfuko wa ndani aliweka karatasi moja, ameikunja kwa adabu kama mtu anayebeba noti kubwa.

Bosibori ndiye aliyeanzisha safari hiyo. Bosibori ni mjane wa Ombati, kijana wa pekee wa Mzee, na alipiga simu Jumapili watu wakitoka kanisani.

"Baba, pesa haijaingia tena. Benki wananituma pensheni, pensheni wananiambia haijulikani kama uko hai. Ati ujaze fomu, serikali ya huko uliko ipige muhuri, uwatumie."

"Waambie niko hai. Si tunaongea?"

"Niliwaambia. Wanasema mdomo wangu si muhuri." Nyuma yake sufuria zilikuwa zinagongana. "Huyo ni Moraa anaosha vyombo. Amefukuzwa shule wiki iliyopita, karo haijalipwa. Fomu nilipigiwa picha na kijana wa saiba, pale kwenye kompyuta, nimeituma kwa simu ya Kerubo aitoe kwa karatasi."

Serikali ya huko uliko. Mzee aliyatafuna maneno hayo siku mbili nzima. Kijijini ingekuwa kazi ndogo. Unaenda kwa chifu, chifu anakuangalia uso, anauliza ng'ombe wanaendeleaje, anapiga muhuri, kwisha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa serikali. Alizunguka na pikipiki ya idara ya mifugo akidunga ng'ombe sindano mpaka nywele zikawa nyeupe, na wilaya nzima ilimuita Daktari. Sasa akajiuliza, hapa Minnesota chifu wangu ni nani? Jibu likaja lenyewe. Ni Madam Lund.

Madam Lund alikuwa mama wa Kizungu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, katika ofisi inayowalipa wazee wasio na kitu. Tangu Mzee apate uraia na kuanza kupokea cheki ya uzeeni, mama huyo ndiye alikuwa anamuita kila mwaka kumuuliza maswali. Alijua kutamka jina la Mzee, Mogire, bila kuuma ulimi. Aliuliza habari ya goti lake. Katika Amerika nzima, huyo ndiye mtu wa serikali aliyemjua kwa sura. Basi Mzee akatoka mtaa wao wa New Hope kwa basi, theluji imegeuka uji mchafu barabarani, bila kumwambia Kerubo. Alitaka siku moja tu afanye jambo lake bila kubebwa kwa gari kama mgonjwa.

&nbsp;

"Mr. Mogire, leo si siku yako," Madam Lund alisema, lakini akamvutia kiti.

"Nimekuja unipigie muhuri tu."

"Muhuri wa nini?"

"Wa kusema niko hai."

Mama akacheka. "Hiyo naiona hata bila muhuri."

Mzee naye akacheka. Kiingereza chake kilikuwa kile cha ofisi za zamani, kizito na cha heshima, na alifurahi kwamba leo kilikuwa kinatoka vizuri. Akaifungua karatasi, akailainisha kwa kiganja na kumsogezea. Madam Lund akavaa miwani, akasoma. Alisoma tena kuanzia juu. Kisha akainuka, akaenda nayo kwenye mashine na kutoa kopi. Mzee akamshukuru. Alidhani kopi ndiyo mwanzo wa muhuri.

"Hii pensheni ni yako?"

"Ya serikali ya Kenya. Nilikuwa daktari wa mifugo." Akakaa wima.

"Wanakulipa kila mwezi?"

"Walikuwa wanalipa. Wamesimamisha mpaka waone muhuri."

Madam Lund hakuwa anacheka tena. Aliangalia kompyuta, akamwangalia Mzee. "Mr. Mogire, kila mwaka nakuuliza kama una mapato mengine, hapa au nje ya nchi. Kila mwaka unaniambia hapana."

"Ndiyo. Sina."

"Na hii?"

"Hiyo si yangu. Ni ya watoto wa Ombati."

Akamwelezea, na alieleza bila wasiwasi kwa sababu aliona ni jambo la wazi. Siku walipomzika Ombati, kaburi bado halijafunikwa, ukoo uliuliza mbele ya watu wote: hawa watoto ni wa nani sasa? Hapo lazima mtu asimame. Yeye akasimama. Alishika udongo mkononi akasema, kuanzia leo pesa yangu ya pensheni ni yao, mimi sina neno nayo. Wazee walisikia, mchungaji alisikia, upande wa kina Bosibori ulisikia. Akautupa ule udongo ndani, akatoa kadi ya benki na kuiweka mkononi mwa mjane palepale. Mwaka uliofuata akaja Amerika, na hajawahi kuigusa hata shilingi. Sasa mtu ataripoti vipi kitu ambacho hana? Akisema ni chake, si amerudi kaburini kumnyang'anya marehemu?

Madam Lund alisikiliza mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ilimpa Mzee matumaini.

"Lakini imeandikwa jina lako," mama akasema polepole.

"Jina ni la kupitishia tu."

"Ukimpa mtu pesa, kwa sheria ilikuwa yako kwanza. Ilibidi uniambie." Akavua miwani. "Na sasa nimeiona. Siwezi kusema sikuiona."

Alimrudishia karatasi haina muhuri. Akamweleza kwamba muhuri wa aina hiyo hupigwa benki, bure, na mtu yeyote mwenye kibali cha serikali. Kisha akamuuliza kama angependa maji. Mzee alisema ndiyo, akayanywa yote amesimama, watu waliokuwa kwenye foleni wanamwangalia.

&nbsp;

Barua ya ofisi ya Madam Lund ilikuja kabla theluji haijaisha. Kerubo aliisoma amelala kwenye kochi, mto wa umeme wa kupasha joto umewekwa chini ya mgongo. Aliumia akimwinua mgonjwa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na tangu hapo walikuwa wanampa shifti chache, zile za kukaa na kufungua milango. Mumewe Jairus, Mragoli wa Vihiga, alikuwa amesimama jikoni na sahani yake ya ugali, bado amevaa reflekta, ile fulana ya kazini inayong'aa. Kwa sababu ya ndoa hiyo ya Mkisii na Mragoli, nyumba ile iliongea Kiswahili.

"Soma kwa sauti," Jairus akasema.

"Wanasema walimlipa zaidi miaka yote mitatu. Watakata kila mwezi mpaka iishe. Halafu kiasi cha pensheni nacho watakitoa kwenye cheki." Kerubo akaiweka barua kifuani. "Baba, wameijulia wapi pensheni?"

"Nilienda kwa Madam Lund."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta muhuri."

Kerubo akajifunika uso kwa mto mdogo. Tumbo lake lilikuwa linatikisika, na hata Jairus hakujua kama anacheka au analia.

"Mzee," Jairus akasema, "mimi wakiniuliza kama nina shamba nyumbani, nasema sina hata kuku. Na shamba ninalo."

"Na Mungu akikuuliza?"

"Mungu hana kompyuta."

"Mimi sikudanganya."

"Najua hukudanganya, na hiyo ndiyo inaniuma. Ungekuwa unadanganya ungejua kunyamaza." Akaweka sahani chini. "Cheki yako ndiyo inamaliza rent hapa. Mgongo wa Kerubo unauona. Mimi nimeomba overtime, wamekataa. Tutamwambia nini mwenye nyumba? Kuna kaburi Nyamira?"

"Jairus, wacha," Kerubo akasema ndani ya mto.

"Siachi. Na wakiamua kwamba alidanganya serikali? Ile pasipoti ya bluu si wanaweza kuichukua?"

Hakuna aliyejua kama wanaweza. Lakini neno lilikuwa limetoka, likakaa pale sebuleni kama mgeni. Mzee alikuwa na pasipoti mbili, ya bluu ya hapa na ile ya Kenya aliyorudishiwa katiba mpya iliporuhusu, zote ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Siku alipozipata mbili alijiona tajiri. Sasa kila nchi ilikuwa inamuuliza swali lake, na jibu la hii lilikuwa linamharibia kule.

Kerubo akautoa mto usoni. "Baba, sijawahi kukuuliza. Hiyo pesa ya Kenya, hata siku moja hukuwaza kunipa mimi?"

"Wewe una mume. Una kazi. Wale hawana baba."

"Ndiyo. Kosa langu ni kwamba mimi sikufa."

Jairus aligeuka na kuanza kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na ugali.

Ndipo, bila kugeuka, Jairus akauliza, "Hiyo fomu, ulishapigiwa muhuri?"

"Bado."

"Basi usipigiwe."

"Unasemaje?"

"Kule wamesimamisha pesa kwa sababu hawajui kama uko hai. Wacha wasijue. Ikikaa imesimama, unamwambia huyo mama imekoma. Hakuna cha kureport. Watakata ile ya zamani kidogo kidogo, lakini cheki itabaki."

"Unataka nife."

"Kule tu, Mzee. Hapa utaishi. Unameza dawa zako, unalala kwako."

"Hapa si kwangu," Mzee akasema.

Hilo lilimgusa Jairus. Kwa mila za kwao wote wawili, baba mkwe halali katika nyumba ya mkwe, haogi bafu moja naye, hamsikii akikoroma ng'ambo ya ukuta. Walikuwa wameishi hivyo miaka mingi, kila mmoja akijifanya haoni. Jairus alifunga maji, akajipangusa mikono kwenye reflekta.

"Najua si kwako," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mlango nilikufungulia."

&nbsp;

Kerubo ndiye aliyemwambia Mzee afanye anavyotaka. Hakulisema kwa hasira. Alisema tu, "Ukitaka muhuri, Baba, nitakupeleka," na Ijumaa akampeleka kwenye benki iliyo karibu na mall ya Roseville, kwa sababu mwenzake wa kazini alimwambia pale hawasumbui. Njia nzima aliendesha amekaa upande, akiukwepa ule mgongo.

Mtu wa muhuri alikuwa kijana, tai yake imelegea, ana bakuli la peremende mezani. Akamwamkia Mzee vizuri. "Fomu unayo? Safi. Naomba kitambulisho chochote chenye picha. Nikuone uso, unitilie sahihi, tumemaliza."

Muhuri wenyewe ulikuwa pale mezani, mdogo, mweusi, wa plastiki. Mzee aliutazama akashangaa. Ule wa chifu ulikuwa wa mbao, mzito.

Akaingiza mkono kwenye koti. Pasipoti zote mbili zilikuwemo, alizigusa moja baada ya nyingine, zote baridi. Akageuka kumtafuta Kerubo. Kerubo alikuwa kwenye kiti cha kungojea, na wakati huohuo simu yake ililia ndani ya mkoba aliouweka sakafuni. Alijaribu kuinama. Hakufika. Alijaribu kwa upande mwingine, akaishia njiani, akashika ukuta, akajivuta juu taratibu, mdomo umebanwa. Simu ikalia mpaka ikakoma. Akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona, akatabasamu peke yake, tabasamu la mtu aliyeanguka barabarani. Alikuwa na miaka thelathini na nane. Mzee alimfundisha kutembea kwa kumshikisha mkia wa ndama.

"Sir?" kijana akasema.

"Samahani," Mzee akasema. "Nimesahau kitambulisho."

"Hata leseni?"

"Nimesahau vyote."

Kijana alisema hakuna shida, arudi siku yoyote, akampa peremende. Kwenye gari Kerubo aliuliza, "Umepigiwa?" na Mzee akamjibu kwamba pasipoti zimebaki nyumbani. Kerubo alikuwa amemwona asubuhi akizitoa kwenye mkebe na kuzitia kwenye koti hilohilo. Aliwasha gari. Walipofika kwenye taa za kwanza alinyoosha mkono akamfunga Mzee mkanda, kwa sababu alikuwa amesahau, kisha akaendesha mpaka New Hope.

&nbsp;

"Imekoma?" Madam Lund aliuliza. Ilikuwa imeshakuwa kiangazi. Alikuwa na feni ndogo mezani iliyokuwa inapeperusha karatasi zake.

"Imekoma."

"Kwa nini?"

"Sijui. Serikali ya kule ina mambo yake."

"Si wewe uliyeisimamisha? Maana hilo pia lazima niulize. Mtu haruhusiwi kuikataa pesa yake makusudi."

Mzee aliiangalia feni. "Si mimi. Imekoma yenyewe."

Mama akaandika kwenye kompyuta, vidole haraka haraka, kisha akamtabasamia, lile tabasamu lake la zamani. "Asante kwa kuwa mkweli na mimi, Mr. Mogire. Goti linaendeleaje?"

Miaka mitatu alimwambia mama huyu ukweli, ukaandikwa uongo. Leo alimpa uongo, na mama aliupokea kwa mikono miwili. Mzee akajibu kwamba goti liko sawa. Hata hilo halikuwa kweli, lakini sasa lilitoka bila shida yoyote.

&nbsp;

Alingoja mpaka asubuhi moja Jairus yuko kazini, ndipo akampigia Bosibori. Kule ilikuwa saa za jioni, ng'ombe wanarudi, aliwasikia.

"Baba. Muhuri umetoka?"

"Bosibori, hautatoka."

"Wamekukatalia?"

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Angesema ndiyo, angepita, na hakuna ambaye angejua. Kwa Madam Lund aliweza. Kwa kijana wa benki aliweza.

"Hapana," akasema. "Nimekataa mimi."

Akamweleza habari ya barua, ya cheki, ya mgongo wa Kerubo.

"Ulisema mbele ya kaburi," Bosibori akasema.

"Nilisema."

"Mama yangu alikuwa amekuja kunichukua siku ile. Nilikuwa bado msichana, Baba. Kuna mwanamume wa Keroka alikuwa tayari kunioa na watoto wangu. Nilibaki hapa kwenu kwa lile neno lako."

"Najua."

"Hukuwa unajua. Ndiyo nakuambia leo."

Mzee alisogea dirishani. Chini, kwenye maegesho, mtu alikuwa anaosha gari lake na muziki umefunguliwa.

"Nitakuwa natuma kidogo," akasema. "Nikipata."

"Utapata wapi?"

Bosibori alivuta pumzi. Aliposema tena sauti yake haikuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga.

"Moraa ananiuliza kila siku kama babu amepata muhuri. Wenzake wanarudi shule wiki ijayo. Nitamwambia umekufa."

"Bosibori."

"Sikutukani, Baba. Serikali tayari imesema hivyo. Mtoto atamlilia babu aliyekufa, halafu atanyamaza, atamkumbuka vizuri. Lakini akijua babu yuko hai na ametuacha, huyo atakua na kitu kibaya ndani. Nimeshamlea bila baba. Siwezi kumlea na hicho pia."

Nyuma yake sauti ya msichana iliuliza, "Mama, ni nani?" Ilikuwa imekuwa sauti ya mtu mzima. Mzee alipoondoka nyumbani mtoto huyo alikuwa anabebwa mgongoni.

"Ni mtu wa kanisa," Bosibori akajibu kando. Kisha akarudi kwenye simu, akingoja.

Mzee alibonyeza simu sikioni. Alitaka kusikia ile sauti tena, hata neno moja. Haikuja.

"Utamwambia nimekufa na nini?" akauliza.

Bosibori alifikiri. "Na nini huwa kinaua watu huko?"

"Mwambie baridi."

"Sawa, Baba."

Simu ikakatika, na hakujua ni nani aliyeikata. Alibaki amesimama pale dirishani, jua limejaa chumbani, jasho linamtoka chini ya shati. Jikoni vikombe viligongana.

"Baba," Kerubo akaita. "Chai."

Kule chini yule mtu alikuwa amemaliza kuosha gari, anakunja mpira wa maji.

"Baba? Uko?"

Mzee akageuka kutoka dirishani.

"Niko," akasema.